Mbona Jumapili hewa haisafiki?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina kipima hewa kidogo nilichokiweka kibarazani, ghorofa ya tatu, dirisha la jikoni likiwa pembeni yake. Nimekusanya namba za majuma 12. Nilitegemea Jumapili, barabara ikiwa tupu, PM2.5, yaani chembe ndogo sana zinazoelea hewani, ishuke sana. Wapi! Siku za kazi wastani ni mikrogramu 31 kwa mita ya ujazo, Jumapili ni 29, na kuna Jumapili mbili zilizozidi hata Jumatano. Nikatazama takwimu za kituo rasmi cha mjini: nitrojeni dayoksaidi inashuka kweli Jumapili, lakini ozoni inapanda! Je, kifaa changu ni kibovu, kituo kinadanganya, au Jumapili si safi kama tunavyodhani? Na mimi ninayekimbia mazoezi, nikimbie siku gani?"

Marahaba, na hongera kwa uvumilivu. Wengi hununua kifaa cha aina hiyo, wakakitazama juma moja, kisha kikageuka pambo. Kituo hakidanganyi. Kifaa chako nacho sikishuku sana, ingawa huko mbele nitakuomba ukihamishe. Kinachokuchanganya ni neno lenyewe, "hewa chafu". Tunalitumia kana kwamba uchafu ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka, kumbe ni kundi la vitu ambavyo havizaliwi mahali pamoja wala havifi kwa wakati mmoja, na kimojawapo, ozoni, hakitoki kwenye bomba lolote. Katika baadhi ya vitu hivyo juma la kazi huonekana waziwazi, katika vingine hufifia, na katika ozoni linaweza kutokea kichwa chini miguu juu.

Tuanze na hiyo iliyokutii, nitrojeni dayoksaidi. Ndani ya injini joto hupanda kiasi kwamba nitrojeni na oksijeni, ambazo hewani hukaa pamoja siku zote bila kusumbuana, hulazimika kuungana. Kinachotoka kwenye ekzosi kwa sehemu kubwa ni nitrojeni monoksaidi, na hiyo ikikutana na ozoni iliyoko nje hugeuka dayoksaidi kwa muda wa dakika moja hivi. Mchana wa jua, gesi hizi ndugu, kwa pamoja huitwa oksidi za nitrojeni, hazidumu zaidi ya saa chache kabla hazijawa asidi ya nitriki, ambayo hunata kwenye chochote inachogusa au huoshwa na mvua. Kwa hiyo unachopima leo saa nane mchana kimetoka kwenye injini zilizowaka leo, tena za karibu. Gesi isiyoweka akiba haiwezi kuibeba Ijumaa mpaka Jumapili.

Ndiyo maana juma la kazi linaonekana hata kutoka angani. Mwaka 2003 Steffen Beirle na wenzake walichapisha uchambuzi wa vipimo vya GOME, kifaa kilichopaa na setilaiti ya Ulaya iitwayo ERS-2 mwaka 1995. Juu ya miji na maeneo ya viwanda ya Marekani, Ulaya na Japani, nitrojeni dayoksaidi ya Jumapili ilikuwa pungufu kwa asilimia 25 hadi 50 ikilinganishwa na siku za kazi. Makka na Yerusalemu bonde hilo la kwenye grafu lilihamia siku nyingine, kila mji ukifuata siku yake ya mapumziko. Uchina hakukuwa na bonde lolote: siku saba, mstari ulionyooka.

Huo wa Uchina ndio ninaotaka uukumbuke. Juma lina siku 7 kwa sababu watu wamekubaliana hivyo. Jua lina mzunguko wake, mwezi una wake, upepo na mvua vina vyao, lakini katika hali ya hewa hakuna kinachojua kwamba leo ni Jumapili. Kila kinachofuata juma, basi, kimeletwa na watu, na kina cha bonde lake kinakudokeza ni watu wa kazi gani. Sisi tunaopima hewa tunaipenda Jumapili kwa sababu hiyo: ni jaribio ambalo hakuna serikali ingethubutu kuliagiza, mji mzima ukipunguza magari mara moja kwa juma bila kulipwa hata senti. Kinachoshuka kilikuwa kinatoka barabarani. Kisichoshuka kina mwenyewe mwingine. Kwa hiyo ule mstari wako ulionyooka, uliokukera, ndio ugunduzi wako mkubwa wa majuma hayo 12. Nitaurudia.

Kwanza hiyo barabara "tupu". Ukikaa uhesabu magari Jumapili huenda ukashangaa. Magari madogo hayapungui sana, watu wanatoka tu kwa saa nyingine. Yanayopungua ni malori. Na lori kuukuu la dizeli linaweza kutoa oksidi za nitrojeni na masizi sawa na magari madogo mengi ya petroli yakijumlishwa. Los Angeles, mji uliochunguzwa kuliko wote kwa jambo hili, malori makubwa Jumapili yalipungua kwa zaidi ya nusu huku magari madogo yakipungua kidogo tu. Kwa hiyo idadi ya magari inaweza kushuka kidogo na moshi wa dizeli ukashuka sana. Masizi, haya yanayotia weusi kingo za dirisha, hufuata malori vilevile. Kaboni monoksaidi, ambayo mjini ni mali ya injini za petroli zaidi, hushuka kwa kiasi kidogo.

Na saa zimehama. Siku ya kazi grafu ya barabarani ina nundu mbili, ya asubuhi na ya jioni. Jumapili ile ya asubuhi haipo kabisa, magari yanaanza kushamiri kuelekea saa nne, saa tano. Ukidhani hilo ni dogo, fikiria mfuniko. Usiku ardhi inapoa, hewa inayoigusa inapoa nayo na kuwa nzito, na juu yake hewa yenye joto zaidi inakaa kama mfuniko wa sufuria. Alfajiri mfuniko huo unaweza kuwa mita 200 tu kutoka chini. Jua likishachoma, hewa inaanza kupanda na kushuka kama maji yanayochemka, na mfuniko unasukumwa mpaka mita 1,000 au zaidi. Moshi uliomwagwa saa moja asubuhi umebanwa kwenye mita 200, na uleule ukimwagwa saa tano umetiwa maji mara tano. Hata kama magari ya Jumapili yangelingana na ya Jumatatu moja kwa moja, kuchelewa kwao peke yake kungeipunguzia hewa ya mtaani ukali. Anayelinganisha wastani wa siku nzima hatakuja kuliona hili. Linganisha saa kwa saa.

Usiku wa kuamkia siku ya mapumziko mambo ni kinyume: watu wanarudi nyumbani kwa kuchelewa na mfuniko umeshashuka. Ukiona kilima saa sita ya usiku Ijumaa na Jumamosi ambacho Jumanne hakipo, usikitilie shaka.

Sasa ozoni. Ozoni ya juu, kilomita 20 na zaidi kutoka ardhini, inatukinga na mionzi ya jua. Hii ya chini tunayoivuta inachubua mapafu. Molekuli ni ileile, pa kukaa ndipo panapotofautiana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifundisha California, alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwachoma macho watu wa Los Angeles unapikwa na jua kutokana na mivuke ya petroli na oksidi za nitrojeni. Hakuna aliyeumwaga. Ulipikwa.

Mapishi yenyewe yana mzaha ndani yake. Mwanga wa jua unaivunja nitrojeni dayoksaidi, ikatoka atomi moja ya oksijeni. Atomi hiyo inadandia molekuli ya oksijeni, ikawa ozoni. Iliyobaki ni nitrojeni monoksaidi, na hiyo ikiikuta ozoni inainyang'anya ile atomi, dayoksaidi inarudi, ozoni imekufa. Mkono mmoja unatoa na mwingine unapokonya. Hapo hakuna faida. Faida inaletwa na mivuke: petroli iliyofuka, rangi za kuta, viyeyusho, hata harufu ya miti. Mivuke hiyo ikioza juani inairudisha monoksaidi kuwa dayoksaidi bila kuigusa ozoni, na ozoni inaanza kulimbikizana.

Utaona basi kwamba moshi mbichi wa magari, ambao sehemu kubwa ni monoksaidi, unakula ozoni palepale ulipo. Hili nimeliona kwa macho. Tulikuwa na mashine mbili kando ya barabara kuu, moja ya ozoni na moja ya oksidi za nitrojeni, zikiandika kila dakika. Jumapili asubuhi, kabla ya saa mbili, mstari wa ozoni ulikuwa umetulia juu kuliko nilivyowahi kuuona siku yoyote ya kazi saa hiyo. Likapita lori moja likipanda mlima kwa gia ndogo, moshi mweusi. Mstari wa monoksaidi ukaruka kama umechomwa sindano, na katika dakika hiyohiyo wa ozoni ukadidimia. Dakika mbili tatu baadaye kila kitu kilikuwa kimerudi kilipokuwa. Siku ya kazi malori hayo hupita bila kuachiana nafasi, na ozoni ya barabarani haipati pa kuinua kichwa. Kituo chako cha mjini kinakuonyesha jambo hilohilo kwa ukubwa wa mji: Jumapili walaji wa ozoni wamepungua.

Kuna sababu ya pili, na hii huwapotea hata wanafunzi wangu. Mivuke haiozi yenyewe. Inahitaji kibarua, chembe kali iitwayo haidroksili, inayoishi chini ya sekunde moja na ambayo jua linaizalisha kila wakati. Kibarua huyo anagombewa. Mivuke inamtaka, na nitrojeni dayoksaidi inamtaka pia, ili iwe asidi ya nitriki na kupotea naye. Mji wenye oksidi za nitrojeni nyingi kupita kiasi vibarua wanaishia huko, mapishi yanadorora. Ikifika Jumapili malori yamelala, oksidi zimepungua kwa theluthi au nusu, lakini mivuke haikupungua hivyo, maana gari lililoegeshwa juani linafuka petroli, rangi ya ukuta inakauka na miti haina siku ya mapumziko. Vibarua wanapatikana na jiko linashika moto. Ozoni inapikwa kwa kasi zaidi siku ambayo viungo vyake vimepungua.

Watu walilishangaa hili mapema. Mwaka 1974 William Cleveland na wenzake waliandika katika jarida la Science juu ya New York na New Jersey: vichafuzi vinavyotoka moja kwa moja kwenye magari vilishuka Jumapili, ozoni haikushuka. Miaka ya 1990 Los Angeles ikawa mfano maarufu, ozoni ya mwisho wa juma ikiizidi ya siku za kazi mwaka hata mwaka. Halafu mwaka 2020, magari yalipozuiwa kwa majuma mazima kwa sababu ya ugonjwa wa korona, dunia ikapata Jumapili ndefu kuliko zote: nitrojeni dayoksaidi ilianguka, na katikati ya miji mingi ozoni ikapanda.

Wapo waliolichukua hili na kudai kwamba kupunguza moshi wa malori ni hasara. Siafikiani nao hata kidogo. Ozoni iliyoliwa mjini haijafutika. Imefichwa ndani ya nitrojeni dayoksaidi, na upepo ukiipeleka nje ya mji, jua litaivunja na ozoni itatoka huko, kwa watu wasio na lori hata moja. Unaweza kujihakikishia kwa takwimu za kituo chako mwenyewe. Igawe nitrojeni dayoksaidi kwa 1.9 na ozoni kwa 2 ili zitoke kwenye mikrogramu na kuwa sehemu kwa bilioni, kisha zijumlishe, saa kwa saa. Nategemea utaona tofauti ya Jumapili na Jumatatu ikipungua sana, pengine ikaisha. Kinachobaki baada ya kujumlisha ndicho kilichopikwa upya au kuletwa na upepo. Kingine chote kilikuwa kinahama tu kutoka jina moja kwenda jingine.

Tena mchezo huu wa vibarua ni wa miji iliyojaa oksidi. Mbali na mji, au penye miti mingi, mivuke ni ya kutosha na oksidi ndizo haba, na hapo kupunguza oksidi kunapunguza ozoni siku yoyote ile. Miji mingi ya Marekani, baada ya kubana moshi wa magari miaka mingi, imesogea upande huo: ile ozoni ya ziada ya Jumapili imefifia, na kwingine imegeuka, Jumapili sasa ina ozoni kidogo kuliko Jumatano. Ukiona mji ambao bado una ozoni nyingi Jumapili, ni mji ambao haujapunguza vya kutosha.

Haya, turudi kibarazani kwako.

PM2.5 maana yake ni chembe zozote zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Jina linataja ukubwa tu, asili haimo. Zimo zilizotoka motoni moja kwa moja: masizi ya dizeli, moshi wa kuni, mkaa na takataka. Zimo zilizozaliwa hewani, pale gesi ya salfa ya mitambo, amonia ya mbolea na mifugo na ile asidi ya nitriki zinapokutana na kuwa chumvi. Limo vumbi. Na tofauti na nitrojeni dayoksaidi, hizi zinadumu. Mvua isiponyesha, chembe ya ukubwa huo inaelea siku kadhaa, hata juma, na upepo wa kawaida unaweza kuisukuma mamia ya kilomita kwa siku moja. Pumzi unayovuta Jumapili ina chembe za Alhamisi za mji usioujua. Barabara yako imenyamaza, lakini wageni wa Alhamisi bado wako sebuleni.

Chukua hesabu ya mfano. Tuseme magari ya mji wako yanachangia sehemu moja kwa tano ya chembe ulizopima: katika 31, hiyo ni kama 6. Jumapili mchango huo upungue kwa theluthi moja. Umeokoa 2. Unashuka kutoka 31 hadi 29, namba zilezile ulizoniandikia. Sisemi kwamba mji wako uko hivyo hasa. Nasema kwamba tofauti ndogo uliyoipata haihitaji ubovu wa kifaa ili kuielezea. Ni kile ambacho ungetarajia mahali ambapo chembe nyingi hazitoki kwenye ekzosi. Na kama Jumapili watu wako nyumbani, majiko yanawaka muda mrefu na mtu mmoja nyuma ya ukuta anachoma majani makavu, hizo 2 zinaweza kurudishwa kabla ya saa sita mchana. Ungekuwa na kipima masizi, hapo ndipo ungeiona Jumapili.

Kifaa chako, tena, hakioni vizuri kile hasa kinachopungua. Vipima vidogo vya aina hiyo vinapiga mwanga wa leza na kuhesabu unavyotawanyika, na chembe ndogo kuliko mikromita 0.3 hivi hazitawanyishi mwanga wa kutosha kuonekana. Chembe mbichi za ekzosi nyingi ziko chini ya 0.1. Kwa hiyo umemweka mlinzi asiyemwona mwizi mfupi. Unyevu nao unamdanganya: ukipita asilimia 80 hivi, kama alfajiri, chembe za chumvi zinafyonza maji na kuvimba, na namba inapanda bila uchafu kuongezeka. Halafu lile dirisha la jikoni! Hapo unapima mapishi ya nyumba yako, ambayo siku ya mapumziko yana ratiba yake. Kihamishie upande wa pili, mbali na dirisha lolote linalofunguliwa, chini ya kivuli, na uandike tarehe uliyokihamisha. Namba za kabla na za baada usizichanganye.

Zile Jumapili mbili zilizozidi Jumatano hazinitishi. Tazama upepo na mvua za siku hizo. Nitashangaa kama hazikuwa siku tulivu zenye mfuniko mzito, au kama Jumatano zake hazikuwa zimenyeshewa. Hali ya hewa inaweza kuongeza au kupunguza chembe mara mbili kati ya leo na kesho, jambo ambalo magari ya juma hayawezi. Na wewe una Jumapili 12 tu. Tuseme namba zako za siku kwa siku zinatawanyika kwa mikrogramu 12 kuzunguka wastani. Kosa la kutarajiwa katika tofauti ya Jumapili 12 na siku za kazi 60 linakuwa karibu 4. Wewe unajaribu kuona 2. Ni kama kupima unga wa kikombe kwenye mizani ya magunia. Ili kosa lishuke hadi 1, ungehitaji Jumapili 170 na ushei, zaidi ya miaka 3, na hapo nimejifanya kwamba kila siku inajitegemea, wakati siku chafu hupenda kuandamana.

Kuna mtihani mmoja ninaoupenda kuliko hesabu zote, na hauhitaji programu yoyote. Chukua data zako uzigawe katika "majuma" ya siku 6. Kisha upya, ya siku 8. Tafuta "Jumapili" ya kila juma hilo la uongo, yaani siku yenye wastani wa chini kabisa. Ukiona juma la siku 6 lina bonde kubwa kama la juma lako la kweli, bonde lako ni la upepo na mvua. Mwaka 1998 yalichapishwa katika jarida la Nature matokeo yaliyodai kwamba mvua ya pwani ya Atlantiki ya Marekani inafuata juma, ikizidi mwisho wa juma kwa sababu ya uchafuzi wa siku za kazi. Wachambuzi waliokuja baadaye na rekodi ndefu za Marekani walitafuta mzunguko huo wa mvua wasiuone. Mzunguko wa siku 7 ni rahisi kuutamani.

Mimi mwenyewe mtego huo umenikuta. Nilipokuwa mgeni kazini nilishangilia bonde zuri la ozoni kila Jumatatu saa nne asubuhi, juma baada ya juma, safi kama limechorwa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika maelezo ya kikemia. Kumbe kila Jumatatu saa hiyo fundi alikuwa akipitisha kwenye mashine hewa isiyo na ozoni ili kuirekebisha, na aliyenakili namba hakuifuta ile saa. Mzunguko ulikuwa wa watu kweli, ila watu wenyewe walikuwa sisi.

Kuhusu kukimbia: Jumapili asubuhi, ndiyo, na hasa kama njia yako iko karibu na barabara ya malori, kwa sababu masizi na chembe ndogo sana za ekzosi ndizo zilizopungua zaidi na kifaa chako hakikuambii. Lakini kuhama njia kunakupa zaidi kuliko kuhama siku. Chembe hizo hupungua kwa kasi ukisogea mita 100 hadi 300 kutoka barabarani, na Jumatano kwenye uchochoro wenye miti naipendelea kuliko Jumapili ukingoni mwa barabara kuu. Alfajiri kabisa angalia kipimo kwanza: kama mtaani kwako watu wanawasha moto asubuhi, moshi huo uko chini ya mfuniko wa mita 200 pamoja nawe. Mchana kati ya saa saba na saa kumi ni zamu ya ozoni, na katika mji kama wako Jumapili mchana wa jua kali inaweza kuwa mbaya kuliko Jumanne. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja kiwango cha mikrogramu 100 za ozoni kwa wastani wa saa 8; kituo kikikaribia hapo, kimbia asubuhi au ubaki ndani, maana ozoni hufa upesi ikigusa kuta na nguo. Na usitegemee ile namba moja ya ubora wa hewa kwenye simu. Mara nyingi inaonyesha kichafuzi kilicho kibaya kuliko vingine saa hiyo tu, kwa hiyo inaweza kusoma sawasawa Jumatano na Jumapili huku siku moja ikizungumzia chembe na nyingine ozoni.

Kwa kukusaidia upime umuhimu wa vitu: mwongozo huohuo wa 2021 unataja mikrogramu 15 za PM2.5 kwa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Wewe uko 31 siku za kazi na 29 Jumapili. Ningekuwa wewe ningeacha kuhangaikia hizo 2 na kuanza kuulizia hizo 29, kwa sababu hizo zinakuja na magari yakiwa yamelala. Yupo anayezileta, na hafuati kalenda ya ofisi.

Kabla ya kunirudia, fungua kalenda utafute sikukuu za umma zilizoangukia katikati ya juma ndani ya hiyo miezi mitatu. Hata moja inatosha kuanzia. Chukua nitrojeni dayoksaidi ya kituo kwa siku hiyo, saa kwa saa, uichore juu ya Jumatano za kawaida na juu ya Jumapili zako. Ikikosa nundu ya asubuhi na kuanza kupanda saa nne, utakuwa umeikuta Jumapili imevaa nguo za Jumatano. Nitumie hiyo grafu, na chini yake mstari wa kifaa chako wa siku hiyohiyo, baada ya kukiondoa jikoni.